Cheti cha Karani

Karani alikuwa hasomi saini. Ukimpa jalada la santuri lenye jina la mtu lililoandikwa kwa kalamu, kitu cha kwanza alichofanya ni kuligeuza juu chini ili asilione jina. Alisema jina linadanganya macho. Ukishajua pameandikwa nini unaona unachokijua, huoni kilichopo. Basi alikaa na karatasi iliyopinduka, miwani imeshuka puani, njiti ya kiberiti mkononi, akiufuata mstari hewani bila kuugusa: hapa kalamu imetua, hapa imepumzika, hapa imekimbia. Ungeweza kunywa chai ukamaliza, naye bado yuko kwenye herufi ya tatu.

Sote tulimwita Karani, hata wajukuu zake. Kwa miaka mingi alikaa nyuma ya dirisha la akiba pale posta, na kazi yake ilikuwa moja: kulinganisha saini ya mtu aliyesimama mbele yake na ile iliyokuwa kwenye kadi sandukuni. Zikifanana, unapewa hela yako. Zisipofanana, unarudi nyumbani na kijitabu chako. Mimi nilimjua alipokwisha kustaafu na kutulia barazani kwake Kasingirima, huku Ujiji, na nilimjua kwa sababu ya biashara. Nina kibanda cha kutengeneza redio na spika Katubuka, na miaka ya karibuni nimekuwa nikinunua santuri za zamani majumbani na kuwauzia watu wa mbali wanaozipenda. Ninayoyaandika hapa ninayaandika kwa aibu. Bora niseme mapema, ili msomaji asidhani namsifu mzee wa watu kwa moyo mweupe.

Santuri zilizotafutwa kuliko zote zilikuwa za mpiga gitaa mmoja aliyevuka ziwa kutoka Kongo akiwa kijana, akapiga muziki kwenye baa za Kigoma mpaka akazeeka na kufia hapa. Aliimba polepole, kwa sauti ya mtu aliyefiwa jana, gitaa likimjibu baada ya kila mstari. Wanunuzi wa mbali wanasema ile ni bluzi, na wanataka kila kitu alichokigusa. Sisi tuliuita muziki wa kuinamia meza, maana hakuna aliyeinuka kucheza. Watu waliinama tu na chupa zao. Santuri yake isiyo na saini ina bei ya kawaida. Yenye saini, mnunuzi anaweza kukupigia simu mara nne kwa siku. Na penye bei kama hiyo wenye kalamu hawakosekani. Ndipo nilipomhitaji Karani, kwa sababu mpiga gitaa alikuwa na kijitabu cha akiba, na kwa miaka yote ile saini yake ilipita chini ya pua ya mtu mmoja.

Cha kuchekesha ni kwamba Karani aliuchukia ule muziki. Alikuwa mtu wa msikitini, hakuwahi kukanyaga baa, na nikimwekea wimbo kwenye simu alikunja uso. "Anaimba kama mtu anayedai chenji," alisema. Nilimuuliza inakuwaje basi anamjua mtu yule kuliko wote waliomshangilia. Akanijibu, "Mimi nilimjuaga mkono tu. Sauti yake niliisikia kwa bahati mbaya."

Na mkono aliujua kweli. Aliniambia kwamba mpiga gitaa hakupenda kusaini mezani, maana meza za baa zilikuwa zimelowa na yeye alikuwa mchoyo wa majalada yake. Aligeuza gitaa, akaliweka gotini, akasainia mgongoni mwake. Tabia hiyo ilimkaa hata dirishani posta: kaunta kavu ipo mbele yake, yeye anashusha gitaa begani na kuandikia juu yake, foleni ikisubiri. Mgongo wa gitaa lile ulikuwa umevimba kidogo, kwa hiyo kalamu ilizama katikati ya jina na kufifia kwenye ncha zote mbili. Ukipitisha kidole nyuma ya jalada unakisikia kile kitumbo. "Anayemuiga anaiga alichokiona," Karani alisema. "Gitaa lilikuwa chini ya karatasi. Hakuliona."

Baada ya kidole ilifuata pua. Karani alinusa karatasi kama mwanamke anayenunua mgebuka, samaki wetu wa ziwani, mnadani. Alisema nyumba zetu huku zilihifadhi kila kitu jikoni au karibu na jiko, na karatasi iliyoishi Kigoma miaka thelathini lazima iwe na dagaa ndani yake, au moshi, au mawese. Jalada lisilonuka kitu alilitilia shaka hata kabla ya kuvaa miwani. Lakini yeye mwenyewe aliyaogopa mawese kwenye karatasi kuliko alivyoogopa mchwa. Kabla ya kushika jalada alinawa kwa majivu, kisha kwa sabuni, kisha akainua mikono ikauke yenyewe, kwa kuwa taulo nazo hakuziamini. Siku moja nilimpa jalada nikiwa nimetoka kula, akaona alama ya kidole changu pembeni. Alinirudisha Katubuka bila kuliangalia.

Alikuwa na neno lake ambalo nimelisikia mara nyingi sana: mtu mkweli hasaini mara mbili sawasawa. Saini mbili zikilingana kabisa, moja ni ya mwizi. Mtu halisi siku moja ana njaa, siku nyingine ana haraka, siku nyingine amegombana na mkewe, na mkono unasema yote hayo. Mwizi peke yake ndiye anayejitahidi. Nilikuwa nikiyarudia maneno hayo kwa wateja kana kwamba niliyatunga mimi.

Kisa kilichompa sifa Ujiji nzima ni cha mama yake mzazi. Bibi yule alijifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na kila alipoandika jina lake lilitoka na sura mpya, leo limenenepa, kesho limekonda. Akaja siku moja dirishani kutoa hela yake. Karani akatazama kadi, akatazama karatasi, akamwambia, "Mama, hii haifanani. Kaa kwenye benchi utulie, halafu uandike tena." Akaandika tena, haikufanana. Akaandika mara ya tatu, watu kwenye foleni wakaanza kumwombea. Ya nne ndiyo iliyopita. Bibi akapokea hela yake, akamsema mwanawe kwa Kiha mbele ya kadamnasi, akaenda zake.

Nilimuuliza kama ni kweli. "Kweli," akasema. "Nyumbani ni mama. Dirishani ni mteja."

"Na nyumbani alikupokeaje?"

Akacheka mpaka miwani ikamdondokea mapajani. Alikula kwa mama ntilie wiki nzima, kwa kuwa kila alipoingia nyumbani sufuria lilikuwa limeshafunikwa.

Mtu huyohuyo mkali alikuwa na udhaifu, na udhaifu wake ulikuwa saini yake mwenyewe. Ilikuwa ndefu, yenye vitanzi vitatu mwanzoni na mkia uliorudi chini ya jina lote kama fagio linalofagia uwanja. Asubuhi baada ya chai aliiandika pembezoni mwa gazeti mara tano, mara sita, bila sababu yoyote, kisha akainua gazeti na kulitazama kwa mbali. Watoto wa jirani waliujua ugonjwa huo. Walimletea ripoti zao za shule asaini mahali pa mlezi, naye hakumkatalia mtoto, mpaka mwalimu mkuu akatuma ujumbe kuuliza ni nani huyu mlezi mwenye watoto kumi na tisa darasa moja. Karani hakuona kosa. "Pameandikwa mlezi," akasema. "Hao si nawalea? Juzi tu nimewachapa watatu."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwake ukweli wa saini na thamani yake vilikuwa vitu viwili. Kwangu mimi vilikuwa kitu kimoja: ya kweli ina bei, ya uongo haina. Mjane wa mpiga gitaa, mama wa Kikongo anayeuza dagaa Kibirizi, alileta jalada moja ambalo mumewe alimsainia mwaka wa mwisho wa maisha yake, au ndivyo nilivyodhani. Karani akaligeuza, akalipapasa, akalinusa. "Mama, huu si mkono wake."

Mama hakukasirika. "Ni kweli, Mzee. Baba alikuwaka mugonjwa, mukono inatetemeka. Batu banaomba saini, yeye anasikia haya. Njo mimi nikamwandikia. Yeye alishikaka tu kalamu kwa juu, pamoja na mukono yangu."

Karani akalirudia lile jalada, safari hii bila kuligeuza, akalisoma jina kama watu wengine wanavyosoma. Kisha akamwambia, "Usimuuzie mtu. Weka ndani." Tulipokuwa tukiondoka akaninong'oneza kwamba lile linashinda yote niliyowahi kumletea. Nikaona mwanya. Nikamuuliza kama atanipa cheti chake. Akanitazama kama mtu aliyeombwa nyama ya nguruwe. "Cheti cha nini? Si nimesema si yake?"

Cheti nilichokitaka kilikuwa nusu ya karatasi ya daftari. Kwa kila jalada alilolikubali Karani aliandika kwa mkono wake: Nimeiangalia, ni ya mkono wake. Chini yake vitanzi vitatu na fagio. Hakupokea hela, alipokea sukari kilo moja, na hata hiyo kwa sababu mkewe alikuwa akipenda chai tamu. Lakini kwa wanunuzi ile nusu karatasi ilikuwa kila kitu. Walishaambizana wenyewe kwa wenyewe kwamba mzee wa Ujiji hapindi. Kuna mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam, daktari wa meno, mtu mpole ambaye marehemu baba yake alikuwa akinyoa ndevu huku nyimbo zile zikipigwa, yeye alikitia kile cheti kwenye fremu pamoja na jalada. Alinitumia picha. Saini ya Karani ilionekana vizuri kuliko ya mwanamuziki.

Hapo ndipo kitu kilipoanza kunikera, nakiri. Mimi ndiye niliyezunguka majumbani juani, nikabembeleza wajane, nikapanda boti mpaka vijiji vya kando ya ziwa, nikafuta vumbi na kinyesi cha panya. Halafu mzee aliyekaa barazani ananawa mikono, ananusa, anasema hapana, na safari yangu ya siku tatu inakufa palepale. Katika kila kumi alikubali mbili, pengine tatu. Nilianza kumwita kwa siri "mheshimiwa hakimu". Mke wangu alinionya kwamba mtu anayekuzuia kula sumu si adui yako. Nikamwambia hajui biashara.

Likaja jalada nililolinunua kwa mfanyabiashara aliyeshuka Kibirizi na boti ya kutoka ng'ambo. Lilikuwa safi, pembe zake zote nne nzima, na saini ni kubwa, imekaa vizuri juu kulia. Kabla sijafika Kasingirima nilishalipiga picha na kumtumia yule daktari, naye akajibu kwamba analitaka, kwamba ndiyo santuri ambayo baba yake aliipenda kuliko zote. Nilishamwambia ndiyo. Nilifika kwa Karani nikiwa tayari nimeuza.

Akaligeuza. Akapitisha kidole nyuma. Akanusa mara moja tu. "Hii imesainiwa mezani."

"Mzee, labda siku hiyo alipata meza kavu."

"Labda. Nenda kamuulize."

Akacheka, kwa kuwa mpiga gitaa alikuwa kaburini. Ulikuwa utani wa kawaida, alinitania hivyo mara nyingi. Siku ile ulinichoma. Nilirudi Katubuka nikijiuliza ni nani aliyempa mzee yule funguo za mlango wangu.

Jumapili iliyofuata, mchana, mke na watoto wakiwa bado kanisani, nilikaa mezani na daftari, kalamu, na vyeti viwili vya zamani ambavyo sikuwa nimevituma. Maneno hayakunisumbua. Saini ndiyo iliyonisumbua. Nilianza pembezoni mwa gazeti, kama yeye. Vitanzi vilikuwa vinatoka vidogo, kisha vikubwa, kisha mkia ukawa unakwaruza. Ya kumi na moja ilitoka. Na hapa nitasema kitu ambacho kinanitia aibu kuliko wizi wenyewe: nilifurahi. Niliinua ile karatasi na kuitazama kwa mbali. Kwa dakika chache nilikuwa Karani, sijamnawia mtu mikono, sijamwomba mtu neno. Kisha nikaiandika kwenye cheti, nikafunga jalada vizuri kwenye maboksi, nikalipeleka kwenye basi kesho yake asubuhi.

Daktari hakuja kwa ugomvi. Ilipita miezi mitatu, akanipigia kwamba amepata likizo na siku zote ametaka kuliona ziwa, na kwamba ana kaswali kadogo kwa mzee. Alishuka kwenye treni na begi moja na jalada lile limefungwa kwenye kitambaa cha mezani. Njiani kuelekea Kasingirima aliniambia, karibu kwa kuomba radhi, kwamba ameyapapasa majalada yake yote matano kwa nyuma, kama nilivyomfundisha mwenyewe kwenye simu, na hili moja halina tumbo. "Labda mimi ndiye sijui kupapasa," alisema. Nilitaka nimwambie pale pale barabarani. Nikaendelea kuzungumzia bei ya migebuka.

Karani alikuwa barazani. Daktari akavua viatu, akainama. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu Ujiji. Habari za safari?"

Wakaulizana hali kwa muda mrefu, ya Dar, ya treni, ya wazee waliotutangulia. Kisha Karani akaagiza maji, akanawa kama kawaida yake. Daktari akampa vyote viwili pamoja, jalada na cheti. Akaanza na cheti.

Aliigeuza ile nusu karatasi juu chini. Njiti ya kiberiti ikaanza kutembea hewani, kitanzi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ikasimama. Ikarudi mwanzo. Mimi nilikuwa nikitazama kuku wa jirani, na nakumbuka mmoja alikuwa na kamba nyekundu mguuni. Karani hakuniangalia hata mara moja. Nilijua ameshajua. Mtu aliyemkataa mama yake mara tatu hawezi kudanganywa na mkono wangu, na nilikuwa nikisubiri aseme, na sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka aseme upesi.

"Saini hii ni yangu," akasema.

Akakiweka cheti kando. Akalichukua jalada, akapitisha kidole nyuma, akanusa, akalirudisha kwa daktari kwa mikono miwili. "Lakini hii si ya mpiga gitaa. Nilikosea."

Daktari hakuelewa. "Ulikosea, Mzee?"

"Nilikosea. Huyu kijana alichukua neno langu akakuuzia. Hana kosa. Atakurudishia hela yako yote, na nauli."

Daktari akamshika mkono. Alikuwa mtu mwema, kama nilivyosema, na alimwonea huruma kabisa kabisa. "Usijali, Mzee wangu. Ni umri tu. Hata mimi miwani yangu siku hizi..." Karani alikuwa mtu ambaye ukimwambia amezeeka anakukimbiza kwa maneno mpaka barabara kuu. Nikamwona akiupokea ule mkono. "Ni umri," akasema.

Ningeweza kusema wakati huo. Nafasi ilikuwa pana kama uwanja wa mpira. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na Kiswahili. Nikamuuliza daktari kama anataka kwenda kuliona ziwa.

Hela niliirudisha, niliuza amplifaya yangu nzuri. Hilo halikuniuma. Liliniuma jambo la wiki iliyofuata. Pale Ujiji, karibu na soko, kuna benchi la kahawa ambapo wanaume hukaa baada ya Alasiri, na fundi cherehani mmoja ambaye husikia habari kabla hazijatokea aliniuliza, "Eti Karani kakosea saini?" Nikamjibu, kwa mdomo wangu huu, "Macho ya mzee, basi tena." Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Ndani ya mwezi mmoja hakuna mtu aliyempelekea Karani jalada. Wanunuzi nao walishaambiana. Watoto tu ndio walioendelea kuleta ripoti za shule.

Kwa karibu mwaka mzima nilimkwepa. Sukari nilimtumia kupitia watu. Nikipita Kasingirima nilizunguka kwa nyuma, na nikimwona mkewe sokoni nilijifanya nazungumza na simu. Halafu mkewe huyo akanipigia mwenyewe, akasema Karani ananiita, na nisichelewe.

Nilimkuta barazani, kavaa kanzu, mkono wa kulia kauficha chini ya wa kushoto. Ulikuwa unatetemeka. Aliponiona akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," kama tumeonana jana, akanisogezea fomu. Ilikuwa ya malipo yake ya uzeeni. Aliisaini mara mbili, na mara mbili imerudishwa kwa sababu saini haifanani na ile waliyonayo. Alinionyesha. Vitanzi vilikuwa vimevunjika, na ule mkia ulikuwa umekwama njiani.

"Kijana wa dirishani amefanya vizuri," akasema. "Hata mimi ningeikataa."

Sasa ameambiwa aweke dole gumba, na mtu mmoja amshuhudie kwa kuandika jina lake na kusaini chini. Mkewe akaleta kidau cha wino. Karani akakandamiza kidole, akakiinua, akakitazama kile kidoa cheusi kwa uso wa mtu aliyepewa chakula kisichokuwa na chumvi. Akanisogezea kalamu.

"Mzee, kwa nini mimi? Shehe yupo, mjumbe yupo."

"Wewe saini yangu unaijua."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa akifuta kidole kwa kitambaa. Nikaandika jina langu, nikasaini, na herufi zangu zilitoka kama za mtoto wa darasa la pili. Akaichukua fomu. Akaigeuza juu chini. Nilikaa pale nikimsubiri amalize, na alipomaliza akaikunja tu akaitia mfukoni.

Ndipo nikasema. Nilisema yote, Jumapili, gazeti, ile ya kumi na moja, fundi cherehani na benchi la kahawa. Nililia, sitaficha, mtu mzima mwenye watoto wanne. Nilisema nimemkosea yeye na jina lake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kidau cha wino mkononi, na kwa uso wake nikajua kwamba yeye alikuwa hajawahi kuambiwa.

Karani alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa udadisi kabisa, "Mimi unaniambia ya nini? Mimi si ndiye niliyekuwa najua?"

Nikaaga. Ilikuwa Alasiri imeshapita, na nikaenda moja kwa moja kwenye lile benchi la kahawa kabla moyo haujabadilika. Walikuwepo sita au saba. Fundi cherehani alikuwepo. Sikukaa. Nikasema Karani hakukosea, kile cheti nilikiandika mimi, ile saini niliighushi mimi, yeye alinifunika tu mbele ya mgeni.

Fundi cherehani akasonya, lakini kwa upole. "Acha hizo, bwana. Karani mwenyewe, mbele ya yule daktari, si alisema ni saini yake?"

"Alisema. Alidanganya kwa ajili yangu."

"Karani?" Wakacheka wote, na yeye akacheka zaidi. "Aliyemkatalia mama yake mzazi? Jalada la baa atakosea, sawa, umri. Saini yake mwenyewe ataikosea?"

Nilijaribu tena. Nikaapa. Mzee mmoja aliyeegemea ukuta akanishika kiwiko, akanikalisha taratibu, akawaambia wenzake kwamba siku hizi ni nadra kuona kijana anayejibebesha kosa ili kumstahi mzee wake, na kwamba mtu wa namna hii alilelewa vizuri. Wakakubali. Muuza kahawa akasuuza kikombe, akanijazia, akakataa hela yangu. Nikanywa.